Kiwanja kimepimwa, bikoni zipo, lakini korongo linakuja. Nijenge au niache?

Mhamiaji_wa_2019
Wakuu, habari za humu. Nahitaji ushauri wa watu wanaoijua Dodoma, siyo wa kunifariji.

Nilihamia na wizara mwaka 2019. Nimepanga miaka yote hiyo, hadi mwaka jana nikachukua mkopo nikanunua kiwanja upande wa mashariki ya mji. Mtaa sitautaja. Nilinunua kwa mtu, hati ipo, bikoni nne zote zipo. Ilikuwa Julai. Nyuma ya kiwanja kuna korongo, kavu kabisa, watoto wanachezea mpira ndani yake. Nikapima kwa miguu kutoka bikoni ya nyuma hadi ukingoni: hatua 22. Nikajisemea, hapa hata upepo ni mzuri.

Januari ikapiga mvua moja ya usiku. Asubuhi nikaenda kuangalia tofali zangu. Tofali salama, ila maji yalikuwa yanapita kwenye lile korongo yakinguruma kama lori, rangi ya chai ya maziwa. Mwezi Machi nikapima tena. Hatua 15.

Fundi anasema tujenge ukuta wa mawe nyuma, tuendelee. Mke wangu amechoka kupanga, anasema tujenge. Mimi silali. Sasa ni Novemba, mvua zinakaribia, na makato ya mkopo hayangoji. Nifanyeje?

Kambale_Mkavu
Dodoma watu wanatafuta maji kwa tochi, wewe yanakufuata nyumbani unalalamika. Jenga mkuu, fuga samaki.

Fundi_Msingi
Kambale acha utani, mtu ana mkopo.

Mkuu, mimi nimejenga Nkuhungu, na wenyeji wanajua maji ya pale yanavyoingia sebuleni bila hodi. Ukuta wa mawe unawezekana, lakini usidanganywe bei. Ukuta wa juu juu maji yanauchimba chini ya msingi, unaanguka mzima mzima kama mlango. Wa kweli unaanza chini ya kina cha korongo lenyewe, na hapo hela yake unaweza kufika lenta ya nyumba nyingine. Tena ukishauweka, maji yanagonga kwako yanahamia kwa jirani wa ng'ambo. Naye atajenga wake. Mtashindana kuta mpaka mmoja aishiwe.

Hati_Kwanza
Mnamtisha bure. Kiwanja kimepimwa, kina hati, serikali imekubali pajengwe. Dodoma yote ina makorongo, tukisema kila penye mtaro pasijengwe watu wataishi wapi? Sensa ya 2012 wilaya ya Dodoma Mjini ilikuwa na watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Hao wote walale kwenye mibuyu?

Mzaliwa_Mkonze
Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo.

Kijana wangu Hati, hati inamzuia mwizi wa kiwanja. Korongo halisomi.

Nimezaliwa hapa kabla Makao Makuu hayajatangazwa mwaka 1973. Makorongo mengi mnayoyaogopa leo tulikuwa tunayaruka tukiwa na ndama. Juu yake kulikuwa na vichaka, mashamba ya uwele, kwingine zabibu. Mvua yetu ni ya miezi michache, Desemba mpaka Aprili, na inakuja kwa hasira: inamwaga kwa saa moja halafu inanyamaza wiki mbili. Kichaka kilikuwa kinaipokea. Sasa juu kuna bati na ardhi iliyosafishwa na greda, maji yanateremka yote kwa pamoja.

Mhamiaji, nenda na jembe, uache futi ya kupimia nyumbani. Angalia miti ya miiba iliyo kando ya korongo: nyasi kavu na mifuko ya nailoni imenasa urefu gani? Hapo ndipo maji yalipofika. Chimba kwenye kiwanja chako kiasi cha goti. Ukikuta mchanga safi wa mto chini ya udongo mwekundu, jua umenunua kitanda cha korongo lililohama. Halafu mtafute mwenye ng'ombe wa mtaa huo, siyo dalali, umuulize zamani walikuwa wanavukia wapi.

Plani_na_Penseli
Shikamoo mzee. Niongeze ya ofisini, maana nimefanya kazi za michoro.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ubishi unaanzia kwenye korongo: huyu anasema ni mto wa msimu, yule anasema ni mtaro tu. Usisubiri ubishi uishe. Nenda ofisi ya mipango miji ya Jiji, omba kuona mchoro ulioidhinishwa wa kitalu chako, uangalie kama ukanda wa korongo umeachwa wazi na upana wake. Kisha nenda ofisi ya bonde la maji, waombe kwa barua waje saitini. Barua iwe na mhuri wa kupokelewa.

Kuna jambo linaniuma kama mtu wa fani. Mpango kabambe wa kwanza wa mji huu, wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Toronto, uliacha nafasi nyingi za kijani kati ya makazi. Sisi tuliokuja baadaye tumeziona hizo nafasi kama viwanja vilivyosahaulika.

Na hesabu ndogo: paa la mita za mraba 150, mvua ya milimita 50, ni lita 7,500. Nyumba 40 juu yako ni lita 300,000 zinazotafuta njia.

Mama_Zabibu
Hizo lita 7,500 wengine tunanunua kwa boza! Kaka, ukijenga popote, weka mifereji ya bati na tanki kabla ya paving. Sisi tulianza na paving, maji ya kwetu yakawa yanaingia kwa mama mmoja mjane hapo chini. Hakutusema. Alikuwa anayafagia tu kila asubuhi, mpaka nikaona aibu.

Na karo la choo utaliweka wapi kwenye kiwanja hicho? Kila anayeshauri anajadili nyumba tu.

Fundi_Msingi
Mhamiaji, swali. Mchanga wa kufyatulia tofali ulitoa wapi?

Mhamiaji_wa_2019
Nilikuwa naogopa mtu atauliza.

Kwenye korongo hilo hilo. Kirikuu ilikuwa inashuka hapo nyuma, tripu ilikuwa bei poa kwa sababu ni karibu. Saba. Na majirani pia. Leo nimekwenda kuangalia: ukingo umeliwa zaidi pale pale yanaposhukia magari.

Mzaliwa_Mkonze
Basi unalijua tayari.

Mchanga ule ndio uliokuwa unapunguza mbio za maji. Na udongo unaobebwa haupotei, unakwenda Hombolo. Lile bwawa lilijengwa 1957, linajaa tope mwaka hadi mwaka.

Hati_Kwanza
Mimi bado nasema auze kama anaogopa, wanunuzi wapo.

Mama_Zabibu
Amuuzie nani? Mhamiaji mwingine, mwezi wa Julai?

Mhamiaji_wa_2019
Mrejesho, wakuu.

Nimechimba. Sehemu ya mbele ni udongo mwekundu mpaka chini. Nyuma, goti halijafika, mchanga. Mzee wa ng'ombe nimempata, akanionyesha walipokuwa wanavukia: katikati ya chumba changu cha kulala, kwa mujibu wa ramani ya nyumba.

Barua mbili nimepeleka, zimegongwa mhuri. Tofali nimezihamishia mbele. Mke wangu amekubali tupange msimu mmoja zaidi, ingawa amekubali kwa kununa. Mbele panatosha nyumba ndogo ya vyumba viwili, nikiambiwa inaruhusiwa. Kirikuu nimewaomba vijana wasishukie kwangu, wanashukia kwa jirani.

Nimechomeka vigingi 15 kutoka bikoni hadi ukingoni, kimoja kila hatua, nione mvua itachukua vingapi. Vitatu vimeshatoweka, na mvua haijanyesha. Kuna mtu amepikia.