Msaada: Django haioni templeti kwenye seva, kwenye laptop inapiga kazi

Mgebuka
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini. Kuna wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi nimewatengenezea programu ndogo ya kuandika mizigo: gunia ngapi zimeingia, za nani, zinakwenda wapi, nani kalipa na nani anadaiwa. Nimeijenga kwa Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti) kwenye Windows, na huku kila ukurasa unafunguka. Nimeipandisha kwenye seva ya Linux, Gunicorn (inayoendesha programu) nyuma ya Nginx (inayopokea wageni wa tovuti), basi ni kosa la 500 tu. Logi inasema haioni templeti, yaani faili la HTML la ukurasa:

`django.template.exceptions.TemplateDoesNotExist: mizigo/orodha.html`

Cha ajabu, /admin, ukurasa wa usimamizi unaokuja na Django, inafunguka vizuri kabisa. Faili lipo, nimelipush mwenyewe kwa git (programu ya kutunza na kuhamisha matoleo ya mafaili). Msaada tafadhali, wenye mizigo wananiuliza kila nikikatiza sokoni.

MchikichiMrefu
Seva za bei chee hizo. Hama.

Binti_Ujiji
Seva haina kosa. Huyo admin anayefunguka ndiye anayekupa jibu: templeti zake zimo ndani ya Django yenyewe, zinapatikana kwa APP_DIRS (kutafuta ndani ya kila app). Zako bila shaka umeziweka folda ya pembeni, inayotafutwa kupitia DIRS (orodha ya folda unazozitaja mwenyewe). Tuwekee kipande cha TEMPLATES kutoka settings.py (faili la mipangilio), na matokeo ya `ls` (amri ya kuorodhesha mafaili) kwenye folda ya mradi. Ya kule kwenye seva, siyo ya laptop.

Mgebuka
Haya dada:

`'DIRS': [BASE_DIR / 'templates'],`
`'APP_DIRS': True,`

ls: `Templates  dagaa  manage.py  mizigo  requirements.txt`

Kaka_wa_Mwanga
Weka DEBUG = True (hali ya kuonyesha makosa kwa kina) uache hivyo hivyo, utaona kila kitu.

Binti_Ujiji
Kaka, kila kitu atakiona yeye na dunia nzima. Ukurasa ule wa kosa humwaga vipande vya msimbo wa programu na thamani za vigeugeu. Django huficha mipangilio ya settings yenye majina kama PASSWORD na SECRET, lakini orodha ya wadaiwa wa dagaa haitaificha. Hiyo DEBUG iwashe kwenye laptop, ambako ni msaada kweli: utakuonyesha kila njia iliyojaribiwa kutafuta templeti.

Mgebuka, angalia T. Settings inataka `templates`, folda yako ni `Templates`. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili. Kwa Linux hizo ni folda mbili tofauti.

Mgebuka
Duh! Nimebadili jina kwenye laptop, lakini git inasema `nothing to commit, working tree clean`. Au nibadilishe settings iwe na T kubwa yaishe?

Fundi_Simbo
Itakubali, ila usizoee. Git ya Windows huwa na `core.ignorecase` (kutojali ukubwa wa herufi) iliyowashwa, ndiyo maana haioni kilichobadilika. Pitia jina la katikati kwa `git mv`, amri ya kubadili jina:

`git mv Templates muda`
`git mv muda templates`

Halafu commit (hifadhi badiliko), push (lipeleke), na kwenye seva `git pull` (livute). Usisahau kuwasha upya Gunicorn. Hapa wengi hupotezea usiku mzima: tangu Django 1.11, DEBUG ikiwa False templeti hutunzwa kwenye kumbukumbu, na hutunzwa hata taarifa kwamba templeti fulani haikupatikana. Faili unaweza kuwa umeshaliweka mahali pake, bado ukaambiwa halipo.

`sudo systemctl restart gunicorn`

Kaka_wa_Mwanga
Hilo la kutunza hadi kilichokosekana sikulijua. Asante mkuu.

Mgebuka
Kwenye laptop `git mv` imekubali. Nikapush, nikavuta kwenye seva, nikawasha upya Gunicorn. Orodha inafunguka! Lakini ukurasa wa risiti bado, kosa lile lile: `mizigo/risiti.html`.

Binti_Ujiji
Kwenye seva piga `git ls-files | grep -i risiti`. Hiyo -i inatafuta bila kujali ukubwa wa herufi.

Mgebuka
`templates/mizigo/Risiti.html`

Sawa, nimeliona. Nalifanyia lile lile la jina la katikati, halafu nawahi Kibirizi kabla hawajafunga hesabu za leo.