MREJESHO: Nimepata kazi ya kuwakokotolea wahandisi

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kama mwenye stashahada ya hisabati na takwimu, asiye mhandisi, anaweza kuajiriwa kufanya mahesabu ya wahandisi. Anaweza. Nipo na wataalamu wa maji, ngazi ya fundi sanifu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtoni kuna ubao wenye alama za kina, na msomaji huandika kina kila siku. Lakini anayejenga daraja anataka mita za ujazo kwa sekunde. Kwa hiyo wapimaji hugawa upana wa mto vipande vipande, kila kipande wanapima kasi na kina, wanazidisha kasi kwa eneo la kipande (upana mara kina), kisha wanajumlisha. Mimi ndiye ninayeunganisha vipimo hivyo kwa mlinganyo Q = a(h − h₀)^b, ambapo Q ni mita za ujazo kwa sekunde, h ni kina kinachosomwa kwenye ubao, h₀ ni kina ambacho maji huacha kutiririka, na a na b ni namba ninazozitafuta kutokana na vipimo. Ukichukua logi (logarithimu) pande zote mbili, mchoro wa Q dhidi ya kina unanyooka kuwa mstari. Uliyenihimiza nirudie logi, Mungu akubariki sana.

Kinachoninyima usingizi ni mafuriko. Ni vigumu na hatari kupima mto ukiwa umefura, kwa hiyo sehemu ya juu ya mchoro mara nyingi ni makadirio, na ndiyo hiyo mhandisi anaihitaji zaidi. Naichora kwa nukta nukta, na tahadhari pembeni, kila mara. Mchanga wa chini ukihama, mlinganyo unaweza kulazimika kuanza upya.

Mnaofikiria njia hii, someni Eksel (Excel) na Paithoni (Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta). Mshahara ni wa fundi sanifu, ila unajifunza mengi.