Tupeane uzoefu: ndugu yako alipopotea uliripoti wapi, na mwishowe sababu ilikuwa nini?

Mwana wa Ndosho (mwanzisha mada)

Jambo wote. Wiki iliyopita hapa Goma mtoto wa jirani yetu, miaka sita, alikosekana tangu saa nane mchana. Saa kumi na mbili mtu wa megafoni alikuwa amekwisha kuzunguka avenue zetu zote: mtoto wa kiume, kaptura ya kijani, hana viatu. Alionekana saa mbili usiku kwa mama mmoja muuza makala (makaa), njia ya kwenda Mugunga. Alikuwa amefuata chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Basi. Alitaka kuona inaishia wapi.

Lakini kwa yale masaa sita, kwenye avenue yetu mtoto huyo alikuwa ametekwa, ameuzwa, amekufa. Kila mtu na habari yake. Usiku sikulala vizuri, nikaanza kusoma namna nchi zingine zinavyohesabu watu wao waliopotea. Japani, mwaka 2023, polisi walipokea taarifa za watu 90,144, na 19,039 kati yao walikuwa na ugonjwa wa kusahau: wazee waliotoka kidogo tu, njia ya kurudi ikawatoka kichwani. Uingereza ni watu kama 170,000 kwa mwaka, na wengi wanaonekana kabla ya saa 24. Marekani mwaka huohuo wa 2023 ziliandikwa taarifa zaidi ya 560,000, na mwaka ulipofungwa zilizobaki wazi, kuchanganya na za miaka ya nyuma, zilikuwa karibu 97,000. Na pale ambapo polisi wao wamejaza sababu, sehemu kubwa kabisa ni vijana waliotoroka nyumbani kwa miguu yao. Halafu kuna jambo lililonichekesha: wanahesabu taarifa, si vichwa. Mtoto akitoroka mara nne, ni nne.

Sisi Kongo sensa ya mwisho ni ya 1984. Nchi ambayo haijahesabu waliopo, itawahesabu vipi wasiokuwepo?

Naomba tuandike wenyewe. Mlikwenda kwa nani kwanza, siku ya ngapi, na sababu ilikuja kuwa nini. Si ile mliyodhani, ile iliyoonekana. Majina ya watu na ya vituo msiweke.

Mama Mapacha

22 Mei 2021, Jumamosi, giza linaingia, mbingu nyekundu upande wa volkano ya Nyiragongo. Nilikuwa na watoto wanne na mikono miwili. Mapacha mmoja mgongoni, mmoja kifuani, wa tatu nimemshika, na mkubwa wa miaka saba nikamwambia kamata kitambaa changu usiachie. Kufika Birere kitambaa kikawa chepesi.

Unauliza niliripoti wapi? Wa kupokea ripoti naye alikuwa mbele yangu na godoro kichwani. Watu wengine walivuka Gisenyi, Rwanda, wengine wakachukua njia ya Sake, na mimi nikasimama katikati nikiita jina mpaka sauti ikaisha. Alhamisi tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama mji kwa sababu ardhi ilikuwa bado inatikisika. Nilikataa kuondoka. Bwana yangu akanipandisha gari kwa nguvu, na hilo nimemsamehe juzi tu.

Mtoto alikuwa Sake. Watu wa Msalaba Mwekundu wenye gile (vizibao) walikuwa wanaandika watoto walio peke yao. Wakamuuliza: mama yako anaitwa nani? Akajibu: Mama Mapacha. Goma nzima ina Mama Mapacha wangapi? Baba? Papa. Avenue? Kwetu. Ndipo yule kijana akamuuliza swali la akili: ukisimama mlangoni kwenu unaona nini? Akasema mashini ya kusaga, kanisa la mabati ya bluu, na mbwa asiye na mkia. Kijana alikuwa mtu wa Majengo. Yule mbwa alimjua.

Siku tisa. Baadaye nilisikia UNICEF wakitaja watoto zaidi ya 150 waliotenganishwa na familia, na wengine zaidi ya 170 waliohofiwa kupotea. Wangu aliingia hesabu gani sijui, labda zote mbili. Leo wote wanne wanajua jina langu lile la kwenye kadi ya mpiga kura. Na mbwa alipokufa mwaka jana nilimlilia, watu wakanicheka.

Fundi wa Himbi

Kwetu ni koko, babu yetu. Miaka 78, mtu wa Masisi, mfugaji. Alikimbilia kwetu Goma ng'ombe zikiwa zimekwisha. Tuliona anarudia swali moja mara tano, tukasema ni uzee. Asubuhi moja akatoka na fimbo.

Siku hiyohiyo tukaweka picha Facebook na namba yangu. Kosa kubwa. Kabla ya jua kuzama mtu anapiga: mzee wenu tuko naye, tumeni dola 200 kwa simu, mkiita polisi hamtamwona. Sauti ya upole kabisa. Tuliuza televisheni na nusu ya mbao zangu za kazi, tukatuma 150. Akataka zingine 100. Dada yangu mdogo akamwambia mpe aongee, au aseme koko amevaa nini juu ya kichwa. Simu ikakatika, mpaka leo.

Koko alikuwa Mugunga kwa watu wasiomjua, siku ya pili amekunywa chai kwao. Aliwaambia anakwenda kukamua. Wale watu hawakujua wampeleke kwa nani, wakaamua kumlisha. Motari (mwendesha pikipiki) aliyeona picha ndiye alitupigia, naye hakuomba kitu.

Kwa hiyo mbele ya wajapani wenu koko wetu ni wa 19,040. Sisi kwa siku mbili tulimhesabu kwa watekaji. Tangu hapo nashauri: kwenye tangazo ficha alama moja. Kovu, kofia, kifungo kilichokatika. Mwenye mtu kweli ataitaja.

Mwana wa Ndosho

Fundi, hilo la kuficha alama ningependa kila mtu alisome mara mbili.

Yaya wa Katindo

Yangu ni ya aibu lakini sasa tunaicheka, acha niitoe.

Ndugu yangu alikuwa mweka sanduku wa avek (kikundi cha akiba) ya avenue. Mwisho wa mwaka, wiki ya kugawa pesa, akapotea. Simu imefungwa. Mama akasema wamemuua kwa ajili ya sanduku. Wanachama wakaja, wakalia na sisi, wakachanga hata maharagwe. Tukaenda kwenye morge (vyumba vya maiti) mbili, tukafunuliwa watu ambao bado nawaona nikifumba macho. Kwa polisi tulikwenda siku ya nne. Aliyetupokea akaomba pesa ya karatasi na ya kalamu, akaandika jina lake vibaya.

Mwezi wa tatu wazee wakasema inatosha, tufanye matanga. Bila mwili, na picha tu. Siku tatu za kulala chini. Nguo zake zikagawanywa, viatu vizuri akapewa binamu.

Mwezi wa nane, namba ngeni. "Yaya, ni mimi. Mama yupo?" Nilitupa simu kwenye karai la nguo. Alikuwa machimboni Rubaya. Pesa za sanduku alikuwa ameshazikopesha kwa rafiki wa biashara ya mafuta, rafiki akafilisika, akaona bora kolta (madini ya koltani) imuue kuliko macho ya wamama wa avenue. Aliporudi alitukuta tunakula. Binamu alikuwa amevaa viatu vyake. Hakuna aliyesema kitu mpaka binamu alipovivua polepole akavisogeza kwa mguu.

Deni bado analipa. Mwanzisha mada, huyo utamweka wapi? Aliyetoroka? Mtu wa miaka 34? Na tangazo letu pale polisi hatujawahi kulifuta. Kwa karatasi yao yeye bado amepotea, na anauza mayunite (salio la simu) hapo Katindo.

Papa Hasira

Statistiki, statistiki. Mwajua namba mnazopewa hapa zinatoka wapi? Kalehe, Kivu Kusini, 4 Mei 2023, maji yalipozoa Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa zaidi ya 400, hao walizikwa, walionekana. Waliopotea wakatajwa zaidi ya 5,000. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko pale Nyamukubi, watu wametoka kila kijiji, hata na pirogi (mitumbwi). Nani alikuwa na orodha? Mimi nilichimba na jembe siku tatu nikitafuta shemeji. Kila aliyepita aliniuliza "wenu wangapi?" na kila mmoja aliandika kwenye daftari lake. Shemeji yangu peke yake atakuwa watu wanne.

Binti wa Minova

Papa, mimi upande mwingine: shangazi yangu hakuandikwa hata mara moja. 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka kwetu ikazama mbele ya bandari ya Kituku hapa Goma, nchi kavu watu wanaiona. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, hivyo maziwa, vitunguu, wanafunzi, wote majini. Gavana wa Kivu Kusini alitaja watu 278 ndani yake. Shangazi alipanda dakika ya mwisho kwa sababu mtu alimfanyia nafasi kwenye mifuko. Tuna ushahidi wa aliyemuuzia ndizi, basi. Mwili hatukuupata. Mama yangu hataki neno "alikufa" litamkwe, akipika anasema "dada yako hapendi chumvi nyingi", hivyo, kama yuko.

Mwanafunzi wa sheria

Binti, pole sana. Nitasema kidogo kwa sababu familia nyingi zinakwama kwenye parcelle, yaani kiwanja cha aliyepotea. Sheria ya familia ya 1987 inatofautisha watu wa aina mbili: asiyekuwepo, yaani ameondoka, hakuna habari, hakuacha mwakilishi, na aliyetoweka penye hatari ya kifo, kama ajali ya maji au moto. Wa pili mnaweza kupeleka kesi yake tribunali (mahakamani) itamke kifo hata bila mwili. Kinachohitajika ni mashahidi. Yule wa ndizi, chukueni maneno yake kwa maandishi sasa.

Binti wa Minova

Asante. Mama hatakubali kusaini. Lakini nitakwenda kwa mwenye ndizi.

(hakuna jina)

Mimi nina mistari michache. 26 Januari 2025 jioni mdogo wangu alitoka na bidoni (dumu) kutafuta maji ziwani, bomba zilikuwa kavu. Tarehe 27 waasi wa M23 walikuwa mjini. Tulitafuta hospitali, morge, tena hospitali. Tulisoma majina kwenye misalaba ya makaburini, na ile isiyo na majina. Hatukuripoti. Kwa nani?

Mama Mapacha

Pole, mwanangu. Pole sana.

Mwana wa Ndosho

Ndugu, sina maneno. Kama hamjakwenda kwa Msalaba Mwekundu, nendeni. Ni bure, wanaandika mtafutaji na mtafutwa, na wakimpata mtu mzima wanamuuliza kwanza kama anataka mjulishwe. Hadi mwisho wa 2024 majina waliyonayo dunia nzima yalipita 280,000. Ni wengi, na mmoja hawezi kuonekana kama hakuandikwa. Beba picha ambayo meno yanaonekana.

Nilipofungua mada nilifikiri nitapanga sababu zetu kama wajapani walivyopanga zao: usahaulifu hapa, ugomvi wa nyumbani pale, kazi kule. Naona hata avek na vita na chukudu vimekaa kwenye ukurasa mmoja. Na katika visa vyote hivi, polisi amefikiwa mara moja, siku ya nne, akataka pesa ya kalamu.

Mpakizaji wa Kituku

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi napakia boti. Baada ya ile ya Oktoba nilinunua daftari la shule, kurasa 100, naandika kila anayepanda kwangu. Hakuna aliyeniamuru. Nusu wananipa jina la utani: Mwami, Bébé, Chance ya Mungu. Wengine wanadanganya wazi kwa sababu hawataki ijulikane wamekwenda wapi, ni siku za kuogopa daftari. Siwalaumu. Basi jina nimeliacha kidogo, nauliza kitu kingine: namba ya mtu anayebaki nchi kavu. Hiyo wanatoa ya kweli karibu wote.

Mwana wa Ndosho

Mukubwa, unaiuliza kabla ya kulipa au baada?

Mpakizaji wa Kituku

Kabla. Akishalipa anatafuta pa kukaa, hakusikii tena.