Ferguson ya kijivu, Massey 35 au kitrekta cha bustani: lipi linamfaa anayeanza kukarabati akiwa Malindi?

Mkulima wa Gede

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Baada ya kustaafu nimeamua kutimiza jambo nililolitamani tangu ujana, nalo ni kuchukua trekta moja kuukuu, kulifungua lote nikisaidiwa na mjukuu wangu wa miaka 15, na kulirudisha katika sura lililotoka nayo kiwandani. Sikusudii kulima nalo, kwa kuwa nina minazi na miembe michache tu na jembe la mkono linanitosha. Nimezunguka kwa muda wa miezi miwili kutoka Kakuyuni hadi Gongoni na nimepata matatu ambayo wenyewe wako tayari kuyauza. Bei zake hazipishani sana, kwa hiyo ushauri ninaouomba ni juu ya mashine zenyewe.

La kwanza ni Ferguson TE20 ya petroli, lile la rangi ya kijivu, ambalo limelala chini ya mwembe ng'ambo ya mto Sabaki kwa miaka mingi. Injini yake imekwama kabisa, lakini bati la boneti ni zima. La pili ni Massey Ferguson 35 ya dizeli iliyo karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni. Hili linawaka na kutembea, ila madigadi yameliwa na kutu hadi mkono unapita, na tangi linavuja. La tatu ni kitrekta cha bustani cha Kimarekani, Cub Cadet 100, kilichokuwa kikikata nyasi za hoteli moja hapa Malindi. Kimewekwa ndani ya stoo kavu, lakini kabureta imepotea na visu vyake vya kukatia nyasi havipo. Karakana yangu ni kibanda cha makuti chenye sakafu ya saruji, na sina winchi ya kuinulia vitu vizito.

Fundi wa Mambrui

Waalaikum salaam, mzee wangu. Mimi nimefungua matrekta kwa zaidi ya miaka 30, na jibu langu ni Massey 35 bila kusita. Kwanza hakikisha kwamba injini yake kweli ni ya silinda tatu, yaani Perkins 3.152 yenye ujazo wa lita 2.5, kwa sababu zile za mwanzo zilikuja na injini ya Standard ya silinda nne, na watu wengi hawaijui tofauti. Njia rahisi ni kuhesabu nozeli za kupulizia dizeli, maana kila silinda ina yake. Ile ya silinda nne ilisifika Uingereza kwa ugumu wa kuwaka wakati wa baridi. Kwa joto letu hilo si tatizo kubwa, lakini vipuri vyake vitakuchosha kuvitafuta. Perkins ya silinda tatu ni jambo jingine, kwa kuwa injini za ukoo huohuo ziliendelea kufungwa kwenye Massey 135 tangu mwaka 1964, na matrekta hayo yangali yakilima katika nchi yetu hadi leo. Ringi, gasketi, beringi na pampu ya maji utavipata Mombasa bila kuagiza ng'ambo.

Kutu ya madigadi isikutishe. Bati hukatwa na kuchomelewa, au hununuliwa jipya. Kinachomvunja moyo anayeanza ni kukaa mwaka mzima akisubiri kipuri kimoja huku mashine ikiwa vipande vipande sakafuni, na nimewaona watu kadhaa wakiishia kuuza vyuma chakavu kwa sababu hiyo.

Bi Karakana, Watamu

Fundi, ninaheshimu uzoefu wako, lakini naona umemjibu mtu anayetaka trekta la kazi, na Mzee wa Gede amesema wazi kwamba anataka kujifunza pamoja na mjukuu wake. Massey 35 ikifunguliwa katikati, yaani injini itenganishwe na giaboksi ili kufikia klachi, ni lazima pawe na winchi na magogo ya kuegemeza, na mtoto wa miaka 15 hafai kuwa chini ya chuma chenye uzito wa zaidi ya tani moja kilichoshikiliwa na jeki ya gari.

Nimekarabati injini kadhaa za silinda moja, zikiwamo za kampuni ya Kohler, na Cub Cadet 100 ina Kohler ya nguvu za farasi 10. Silinda yake ni ya chuma cha kusubu, si aluminiamu laini ya mashine za siku hizi, na watu wawili wanaiinua na kuiweka juu ya meza. Pointi zake, yaani vile visahani vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche, ziko nje, ubavuni mwa injini, zikisukumwa na kijiti kidogo kinachotoka ndani, kwa hiyo mjukuu anaweza kuzifungua, kuzisugua kwa msasa mwembamba na kuziweka mwanya wa nusu milimita bila kugusa kitu kingine. Cheche ikirudi siku hiyo ya kwanza, hutalala kwa furaha. Pia tangu modeli hiyo ya mwaka 1963 nguvu inafika kwenye giaboksi kwa shafti badala ya mkanda, hivyo huna mkanda huo wa kutafuta. Kabureta za kuiga zinauzwa kwenye intaneti na zinatosha kabisa. Ukipata ya asili baadaye, utaibadilisha.

Mwalimu wa Mpeketoni

Naomba niitetee Ferguson, maana naona imeachwa kana kwamba haikutajwa. TE20 iliundwa kuanzia mwaka 1946 hadi 1956 katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, na zaidi ya 500,000 zilitoka hapo. Ni trekta dogo, lenye uzito wa tani moja na kidogo. Ndilo lililoeneza duniani ule mfumo wa mikono mitatu ya nyuma inayoinuliwa kwa haidroliki, ambao Harry Ferguson aliubuni ili plau na trekta viwe mwili mmoja. Leo karibu kila trekta la shamba linabeba wazo hilo. Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini ya dunia Januari 1958 akiwa na Ferguson za aina hii zilizofungwa minyororo. Kwa mtu anayependa historia ya mashine, kushika usukani wa trekta hilo si jambo dogo.

Kuhusu kukwama kwa injini, Bwana Mkulima, usikubali mtu yeyote alivute kwa gari ili kulilazimisha kuzunguka. Toa plagi zote nne, mimina ndani ya kila silinda mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, uache wiki mbili au tatu ukiongeza kila yanapopungua, kisha ujaribu kulizungusha taratibu kwa mkono. Bahati yako ni kwamba silinda za injini yake ni mikebe inayozungukwa na maji, na inachomolewa na kubadilishwa bila kupeleka injini kuchongwa. Udhaifu wake uko chini, kwenye gasketi zinazozuia maji ya radieta yasiingie kwenye mafuta. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta, na ukiona yamekuwa meupe kama tui la nazi, basi maji yameshaingia. Hapa pwani tatizo hilo ni kubwa zaidi, kwa kuwa wengi hujaza radieta kwa maji ya kisima yenye chumvi. Tumia maji ya mvua.

Na jambo moja ambalo kijana atalipenda: Ferguson hii haina kitufe cha kuwashia. Unapeleka mkono wa gia kwenye herufi S, na hapo ndipo stata inapofanya kazi. Kwa namna hiyo haiwezekani kuliwasha likiwa ndani ya gia.

Nahodha wa Amu

Mimi si mtu wa matrekta, ni mtu wa injini za mashua, lakini chumvi naijua. Ndugu yangu Fundi amesema kutu ya madigadi isitishe. Nakubali kuhusu bati, sikubali kuhusu yaliyo nyuma ya bati. Chombo kilichosimama Gongoni, upepo wa kusi ukikipiga miezi sita kila mwaka, kimekunywa chumvi mpaka ndani ya nyuzi za boliti. Kabla ya kulipa, chagua boliti kumi mahali mbalimbali, za usukani, za ekseli ya mbele na za mikono ya haidroliki, uzijaribu kwa spana. Zikikatika tatu, jua kwamba utakata mia.

Kwa vipande vidogo vya chuma na vya bati, iwe umenunua lipi, kuna njia niliyoitumia kwa miaka mingi. Chukua ndoo ya plastiki, ujaze maji, utie magadi yale ya sokoni, vijiko viwili vya mezani kwa kila lita nne. Ning'iniza kipande chako katikati bila kugusa kando, na pembeni weka vipande vya chuma chakavu. Waya wa hasi wa chaja ya betri ufungwe kwenye kipande chako, wa chanya kwenye chakavu. Ukikosea hapo, kitakacholiwa ni kipande chako. Baada ya saa chache maji yanakuwa na povu la rangi ya matofali, na asubuhi kutu inatoka kwa brashi kama matope meusi, huku chuma kizima kikibaki na unene wake. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maana hutoa sumu, usitie aluminiamu humo hata kidogo, na ufanye kazi hiyo nje, kwa sababu gesi inayotoka hulipuka ikikutana na moto. Kisha kausha na upake rangi ya kwanza siku hiyohiyo. Jahazi tunalipaka sifa, yale mafuta ya papa, na linadumu, lakini chuma kitupu kikilala usiku mmoja Amu, asubuhi kimeshabadilika rangi.

Mkulima wa Gede

Nawashukuru nyote. Jumamosi nilirudi kwa yote matatu nikiwa na mjukuu, spana na maagizo yenu. Gongoni, katika boliti kumi nne zilikatika, na mbili kati ya hizo ni za usukani. Nozeli ni tatu, Fundi, na sauti ya injini ni nzuri, lakini nimeogopa. Sabaki nilichomoa kijiti cha mafuta na kukuta tui la nazi, Mwalimu, kama ulivyotabiri. Kwenye Cub Cadet kijana alitoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, nami nikazungusha injini polepole kwa mkono, na pumzi ikamsukuma kidole. Aliniangalia kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Tumelipia hilo, na jana limefika Gede juu ya mkokoteni.

Mwalimu wa Mpeketoni

Hongera sana. Ferguson ile naomba unielekeze kwa mwenyewe, kwa sababu sitaki mvua nyingine ya masika iikute chini ya mwembe.

Fundi wa Mambrui

Mzee wangu, bado ningechukua Massey, lakini kwa kibanda kisicho na winchi Bi Karakana amesema kweli. Nakuomba jambo moja kabla hamjaiwasha. Injini hiyo haina radieta, inapozwa kwa upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, na mapezi yamefunikwa na bati. Fungueni bati hilo kwanza. Mashine iliyokaa stoo huwa na nyumba ya panya au ya manyigu humo ndani, na ikiwashwa hivyo inaungua pistoni kabla hujaona dalili yoyote.

Mkulima wa Gede

Tumefungua jioni hii, Fundi. Mapezi ya upande wa kushoto hayakuonekana kabisa, yote yalikuwa yamejaa makumbi ya nazi yaliyotafunwa laini, na tumetoa nusu debe. Mjukuu anayasafisha mapezi kwa mswaki, moja baada ya jingine, na amekataa kwenda kula mpaka amalize.