Land Rover Series III: alteneta haichaji mpaka nipige resi

Wakuu, ni ya petroli, alteneta (mashine inayochaji betri) Lucas 16ACR. Betri ikipumzika inasoma volti 12.5. Nikiwasha injini inabaki 12.3 hadi nipige resi kali, ndipo inaruka hadi 14.1. Taa nyekundu ya chaji haiwaki kabisa, hata nikifungua swichi. Nitafute alteneta nyingine?

Jibu 1
Usinunue kitu, mkuu. Taa hiyo si pambo: umeme unaopita kwenye balbu yake ndio unaoamsha sumaku ya rota (sehemu inayozunguka ndani ya alteneta). Ukikatika, alteneta inategemea usumaku kidogo uliobaki kwenye chuma, ndiyo maana inadai resi. Zima injini, chomoa plagi ya nyaya nyuma ya alteneta, fungua swichi, gusisha waya mwembamba wa kahawia-njano kwenye chuma cha bodi ya gari. (Ule mnene wa kahawia una umeme muda wote, usiuguse!) Taa isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika. Ikiwaka, kagua brashi za kaboni (zinazopeleka umeme kwenye rota). Zikichomoza chini ya milimita 5, weka mpya.

Jibu 2
Na balbu iwe ya uzi, wati 2.2. Watu wanaweka LED halafu wanalaumu alteneta, kumbe umeme unaopita hautoshi.

Muuliza
Uzi wa balbu umekatika. Nimeweka mpya: 14.2 bila resi.

Jibu 1
Safi. Sasa washa taa kubwa injini ikiwa inanguruma, pima kati ya chanya ya alteneta na chanya ya betri. Ikizidi volti 0.5, kuna kiungo chenye kutu.