Tupeane uzoefu: usaili wa vitendo kwa mafundi mtandao wenye cheti, Mbeya, Iringa na Njombe

Mleta mada, Iyunga
Wakuu, salaam. Naleta hili kwa wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wenye cheti cha mtandao ambao bado wanazunguka na bahasha. Mwaka jana nilijichanga, nikalipa dola 300, nikakaa dakika 120 za mtihani wa CCNA 200-301, cheti cha mtandao cha Cisco, nikafaulu. Nyumbani tulifurahi kweli. Miezi mitatu baadaye nikaitwa usaili kwenye kampuni moja hapa Mbeya.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Wa kwanza akaandika ubaoni 192.168.10.0/24, yaani fungu la anwani 256 za mtandao, akasema kuna idara nne, kila moja ina kompyuta 50, gawa. Hilo nililifanya bila shida: mafungu manne ya /26, kila moja lina anwani 64, za kutumia 62. Wa pili akauliza, "Kompyuta moja ya uhasibu imejipa anwani inayoanza na 169.254. Unaanzia wapi?" Nikajibu nitazima ruta, kifaa kinachopitisha mtandao wa ofisi nzima, niwashe tena. Mzee yule akaweka kalamu chini. "Ofisi nzima inafanya kazi, wewe unaizima kwa ajili ya kompyuta moja?"

Nilikuwa najua kwamba anwani ile maana yake mashine imeomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani, haikujibiwa. Nilikuwa najua kabisa. Nilitakiwa niseme naangalia taa ya poti, kisha kebo, kisha poti iko VLAN gani, yaani kundi lipi la mtandao ndani ya swichi, kisha kama jirani yake kwenye VLAN hiyohiyo anapata anwani, ndipo nifike kwenye seva ya DHCP kuona kama anwani zimekwisha. Mkeka ulipotoka sikuwemo, na swali hilo moja linaniuma hadi leo. Alhamisi ijayo nina usaili mwingine, Iringa. Waliopita huko, mliulizwa nini na mlijibu vipi?

Dada wa Gangilonga
Kamwene, kaka. Pole sana. Mimi usaili wangu Iringa ulikuwa wa vitendo tupu. Mezani swichi mbili, vifaa vya kuunganishia kompyuta, kompyuta nne, dakika 30. Wakasema, "Kuna tatizo, litafute," wakakaa kimya.

Kijana aliyenitangulia alitoka akisema alichomoa kebo zote akaanza upya, muda ukamwishia. Mimi sikugusa kitu kwanza. Nikauliza, nani analalamika na jana kulikuwaje? Msaili mmoja akatabasamu, akasema jana waliongeza VLAN 20. Nikajaribu: kompyuta za VLAN 10 zinaonana kutoka swichi hadi swichi, za VLAN 20 hazionani. Basi kebo baina ya swichi ni nzima, kwa sababu VLAN 10 inapita humohumo. Nikaenda moja kwa moja kwenye tranki, kiungo cha swichi na swichi kinachobeba VLAN nyingi, nikakuta orodha ya VLAN zinazoruhusiwa ina 10 peke yake. Nikaongeza 20, ikapita. Nikawaonyesha ping, kipimo cha kuona kama kompyuta zinafikiana, kabla na baada, nikahifadhi. Kuhifadhi msisahau, ndugu zangu. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, swichi inarudi ilivyokuwa.

Lakini kuna jambo linanikera na nitalisema. Baada ya yote hayo wakaniuliza kama mimi, mwanamke, naweza kupanda mnara. Wanaume hawakuulizwa, nilithibitisha nje. Nilijibu kwamba kwa mkanda wa usalama, kofia ngumu na mafunzo ya kazi za juu, nitapanda kama yeyote mwenye vitu hivyo, na asiyekuwa navyo asipande, awe nani. Kazi nilipata. Swali lile bado naona halikuwa na haki.

Mwana wa Tukuyu
Ugonile. Huku kwetu mvua haituachi, basi swali langu lilikuwa la mvua: kiungo cha mikrowevu, cha mawimbi kutoka dishi hadi dishi, kinashuka kila jioni, asubuhi kiko sawa. Nikaanza kueleza OSPF, utaratibu wa ruta kupeana habari za njia. Wakanisikiliza mpaka mwisho, wakasema ahsante. Kumbe walitaka kusikia kwamba mvua kubwa inapunguza nguvu ya mawimbi, hasa ya masafa ya juu, kwamba ningelinganisha kiwango cha mawimbi cha mchana na cha jioni, ningeangalia kama dishi limehama na upepo, au kama maji yameingia kwenye viungio vya kebo. Na radi! Wakauliza waya wa athi, unaopeleka umeme wa radi ardhini, unafungwa wapi, nikababaika. Nilisoma maabara na programu ya Packet Tracer, inayoiga mtandao ndani ya kompyuta, mle hainyeshi wala radi haipigi.

Safari ya pili, sehemu nyingine, wakaniuliza fiba imekatwa na greda kando ya barabara ya TANZAM, utajuaje imekatika wapi? Safari hiyo nilikuwa tayari. OTDR, kifaa cha kupimia fiba, inatuma mwanga, inapima muda wa mwanga kurudi, inakupa umbali hadi palipokatika. Nikaongeza kwamba umbali huo ni wa urefu wa kebo, na kebo ina mizunguko ya akiba kwenye mashimo, kwa hiyo barabarani utaanza kutafuta kabla ya hapo. Hilo la mizunguko nilifundishwa na fundi mmoja niliyemsaidia kuunganisha fiba wiki mbili, sikulisoma popote.

Mdau wa Makambako
Nami niseme ukweli wangu, pengine utamsaidia mdogo wangu mmoja. Nilifaulu mtihani kwa kukariri maswali yaliyovuja. Kwenye usaili nikaonyeshwa ruta mbili, OSPF imekwama hali ya EXSTART, yaani mwanzoni mwa kupeana habari. Nilikuwa nakumbuka jibu linaanza na herufi M, sikukumbuka ni nini wala kwa nini. Ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti inayopita, pande mbili hazilingani. Msaili akaniuliza kwa upole, "Cheti hiki ulikipataje?" Sikuwa na la kusema. Nilirudi nikasoma upya, kitabu na vifaa, miezi minane. Halafu angalieni tarehe zenu, CCNA inadumu miaka 3, na wapo wanaohakiki namba ya cheti palepale mbele yako.

Mkuu wa zamu, Mafiati
Vijana wangu, mimi nimekaa upande wa pili wa meza miaka kadhaa. Mleta mada, swali la 169.254 naliuliza hata mimi. Sitegi mtu. Nataka kukusikia ukifikiri kwa sauti. Mtu akinyamaza dakika mbili kisha akatoa jibu sahihi, sijui kama anajua au amebahatisha. Akisema "taa ya poti inawaka, basi naacha kebo, naenda VLAN," hata akikosea mwishoni namwona ni fundi. Na usilolijua sema hulijui, kisha sema ungeangalia wapi.

Jambo jingine ni lugha. Nimeona vijana wazuri wakizama kwa sababu wanatafuta Kiingereza huku wanatafuta tatizo. Omba ruhusa uchanganye. Mimi sijawahi kumkatalia mtu. Tena swali langu la mwisho huwa kwa Kiswahili: mganga mkuu anakupigia, mtandao wa dirisha la dawa umekufa, wagonjwa wamepanga foleni, hajui ruta ni nini. Mweleze. Wengi wenye cheti hapo ndipo wanapokwama, na huyo mganga ndiye tunayemtumikia.

Mleta mada, Iyunga
Shikamoo mkuu. Nimeandika yote kwenye daftari. Dada wa Gangilonga, nashukuru mno. Jumatano napanda basi la asubuhi pale Nane Nane, nalala Iringa. Swichi halisi sijaishika tangu chuo. Kuna mwenye hata moja ya zamani niiguse jioni hiyo?

Dada wa Gangilonga
Ninazo mbili, kelele nyingi lakini zinawaka. Niko ofisini hadi saa 12 jioni, ukishuka Ipogolo nitafute. Njoo na laptopu na kebo ya konso, ile ya kuunganisha laptopu na swichi uipange, yangu imekatika. Nitaziharibu kabla hujafika, uzitengeneze mwenyewe.