Wafanyakazi hawaji tena kupanda mikoko, tufanyeje?

Cherehani_Changamwe:
Wadau, habari zenu. Niko idara ya wafanyakazi katika kiwanda cha nguo cha EPZ (eneo la viwanda vya kuuza nje, visivyotozwa ushuru) hapa Mombasa. Wengi wetu ni akina mama wa cherehani. Kampuni ilipanga tuwe tunapanda mikoko Tudor kila mwezi, siku ya Jumamosi. Mara ya kwanza mabasi yalijaa, siku hizi wanakuja wachache sana. Mkurugenzi anataka niite majina na wasiofika waandikiwe barua. Hilo nalipinga kabisa. Jumamosi ndiyo siku yao ya kufua na ya kukaa na watoto. Lakini mikoko naipenda, nimekulia Mikindani na nimeona ilivyomalizwa kwa kuni. Watakujaje kwa hiari yao?

Mwana_Gazi:
Dada, kwanza nikuulize: mnapanda mkoko wa aina gani, na wapi? Mlilana hukaa mbele, bahari inapopiga. Mkoko wenyewe ni wa katikati, mchu hustahimili chumvi kule juu. Ukikosea mahali, bamvua moja tu, yale maji makuu, na miche imekwenda. Mama aliyeacha nguo zake kwenye beseni, akirudi mwezi unaofuata akakuta matope matupu, hatakuja tena, na ana haki. Shirikianeni na kikundi cha wenyeji chenye kitalu, kisha mhesabu miti iliyo hai, si iliyopandwa.

Huku kwetu Gazi, mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja unauza kaboni tangu 2013, yaani wanunuzi hulipia hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, kwenye hekta 117. Pesa imeleta maji na vitabu vya shule, na wanakijiji ndio wanaokaa kuamua itumike wapi. Ndiyo sababu mtu akisikia panga linalia mikokoni usiku, anatoka.

Waridi_Naivasha:
Naunga mkono, hasa hapo kwa kuamua. Mimi nafunga waridi. Kwenye mashamba yenye cheti cha Fairtrade, yaani biashara ya haki, mnunuzi huongeza asilimia 10 juu ya bei ya maua, na hiyo pesa si ya meneja. Tunachagua kamati yetu, mkutano wa wafanyakazi wote unapitisha matumizi. Sisi tulichagua karo za watoto. Mikutano hufanyika saa za kazi, hakuna anayekatwa mshahara. Wenu wanalipwa kwa vipande? Basi muwalipe saa za mikoko, la sivyo mnawatoza mchango.

Cherehani_Changamwe:
Asanteni sana. Leo wakati wa chakula nilizunguka laini zote nikiuliza wao wangependa nini. Mikoko wanaitaka, ila iwe siku ya kazi maji yakiwa yametoka, na walipwe. Jumatatu nampelekea mkurugenzi.

Halafu laini ya fulana wakanionyesha magunia ya mabaki ya pamba yanayotupwa. Wanataka kushonea wasichana wa shule za jirani sodo za kufua. Tatizo, mabaki ya EPZ hayatoki getini bila forodha. Aliyewahi kupata kibali cha kuyatoa kama msaada anieleze: alianzia ofisi gani, na aliombwa karatasi zipi?